Ukuta wa Mama Athanasie

Mama Athanasie wa Kibabi alirudi kutoka mafunzo ya siku tatu kule Kirotshe na cheti, chaki mbili na ukali mpya. Walimfundisha kupanga mradi: anza na siku ya mwisho, rudi nyuma, na kila kazi iwe na mtu wa kuulizwa. Mradi anao! Binti yake Uwimbabazi aolewe na Gisubizo, kijana wa Mpofi. Vita vilishaisukuma ndoa hiyo mara mbili. Mara ya kwanza barabara ilifungwa. Mara ya pili bibi harusi alikuwa porini, godoro kichwani.

"Mama, ikishindikana tena naacha," Uwimbabazi alisema. "Nimechoka kuwa bibi harusi wa kesho."

Basi Jumamosi! Mama akachora ukuta mzima wa sebule miraba: kazi, siku, jina, na mwisho kabisa, "ikishindikana". Ndizi za kasiksi, pombe ya sherehe, zikamuliwe Jumatano. Mabenchi, Albert mtoto wa jirani. Mbuzi, dada yake Nyiramana, maana hakuna mbuzi aliyethubutu kumbishia Nyiramana. Mume wa Mama, Papa Hakorimana, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Weye Athanasie, ukuta njo utafungisha ndoa?"

"Cheka tu. Weye iko kwa kuni."

Mraba mmoja tu ulibaki mtupu, wa kumleta Padri. Hebu fikiria, jina la Padri liandikwe kwa chaki chini ya mbuzi! Heshima gani hiyo? Mama akaona aibu kumpangia mtu wa Mungu, akajiambia ataenda mwenyewe siku ikifika, amejifunga kikwembe safi.

Alhamisi asubuhi, Marcellin wa pikipiki akaingia uani mbio. Barabara ya Mpofi inafungwa kesho saa sita, na wakwe wako njiani tayari, juu ya lori la Katembo, yule mwenye duka.

Jamani! Mama alikaa, akasimama, akakaa tena. Kisha akatangaza pale uani kwamba ndoa ni kesho asubuhi, akaanza kufuta kazi kwa mdomo. Keki, toka! Sare za mashangazi, toka! Hotuba ya mjomba Isidore, toka, na watu wakapiga vigelegele. Kasiksi haijachacha, bado ni tamu kama ya watoto? Tutakunywa hivyo hivyo! Ndoa haiwezi kukosa nini? Bibi harusi yupo, analia na kucheka pamoja. Bwana harusi yuko njiani, juu ya magunia ya lori. Na Padri...

"Yesu Maria! Padri!"

Kila mtu akapiga kelele kwa wakati mmoja. Marcellin wa kumtuma? Ameondoka. Hakorimana? Kuni zipo, mwenyewe hayupo.

"Siku ya leo! Mulevi huyu!" Mama akamtuma Albert parokiani kwa miguu, kisha akaingia sebuleni, akaufunika ule ukuta kwa kile kikwembe safi bila kuutazama.

Wakwe walifika jioni hiyo wakiimba. Ijumaa saa tatu kanisa limejaa, ngoma zinalia, Albert akarudi peke yake. Padri hayuko, alitoka jana kutembelea wagonjwa. Nje, dereva wa lori akapiga honi. Saa tano anaondoka, ndoa iwepo ao isiwepo.

Uwimbabazi akainua shela. "Mama, ni kesho tena?"

Mama alikimbia nyumbani akilia, akang'oa kikwembe ukutani ili aufute upuuzi wote ule. Mkono ukasimama hewani. Ndani ya mraba mtupu, kwa makaa, kwa herufi za mtu aliyeacha shule mapema, kuliandikwa HAKORIMANA. Na pale penye "ikishindikana": NITAMUBEBA.

Vigelegele vikalipuka barabarani. Mama akatoka mbio. Marcellin alikuwa anasukuma pikipiki iliyoishiwa mafuta, na nyuma yake alikuja Papa Hakorimana, matope hadi usoni, Padri mgongoni, viatu vya Padri mkononi.

"Tumemutafuta kwa wagonjwa vijiji vitatu," Hakorimana alihema. "Athanasie, usinitazame hivyo. Kuni nilimaliza kwanza."

Mama akacheka, akalia, akamfuta matope usoni kwa kile kikwembe safi alichokitunza kwa ajili ya Padri.