Kurasa Zinazosema Zipo

Nilikuwa na mkate mdomoni nilipogundua kwamba nimewadanganya watu mia tatu, na baadhi yao walikuwa wanakunywa chai meza ya pili.

Sikukusudia. Kazi yangu ni kuhesabu kurasa za wavuti zilizokufa. Unachukua viungo vya zamani, programu yako inavibonyeza kimoja kimoja wewe ukiwa umelala, kisha unaandika vipi bado vinafika mahali na vipi vinaishia hewani. Makala yangu ilisema katika kila kurasa kumi za watu binafsi, nane bado ziko hai. Wote tulidhani hali ni mbaya kuliko hapo, kwa hiyo makala ikawashangaza wakubwa na ikateuliwa kuwania tuzo ya mkutano. Zamu yangu ya kuiwasilisha ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Asubuhi hiyo nilitaka mfano wa kuonyesha ukumbini, ukurasa hai wa mtu wa kawaida, nikachagua wa shangazi. Shangazi alikuwa mkunga. Alipostaafu alijifunza kutengeneza tovuti, akaandika majibu ya maswali yote aliyowahi kuulizwa na wazazi wapya. Maandishi meupe juu ya kijani, yanaumiza macho. Juu kabisa aliandika: "Mficha uchi hazai. Uliza." Kwa wengine hiyo ni methali, kwake yalikuwa maelekezo ya kazi. Kila jibu lilikuwa na kiungo cha kukupeleka kwenye jibu jingine, "homa" ikikupeleka "kunyonya", "kunyonya" ikikupeleka "usingizi", na "usingizi", kwa jinsi ninavyomjua, ulikupeleka "mpigie mama yako". Hapo ndipo nilipojifunza kiungo ni nini, kabla sijajua kuna watu wanaofanya mikutano juu yake. Shangazi alifariki miaka minne iliyopita. Programu yangu ilisema ukurasa wake uko hai.

Nikaubonyeza. Ukafunguka mweupe, na katikati kulikuwa na sentensi moja: "Samahani, ukurasa huu haupo."

Seva, ile kompyuta inayotunza ukurasa, ilikuwa imejibu "ndiyo, upo", kwa adabu zote, kisha ikanipa taarifa ya msiba. Programu yangu ilisikiliza jibu la mlangoni tu, haikuingia ndani kutazama. Ni kosa ambalo mimi mwenyewe nawafundisha wanafunzi walikwepe. Nikafungua kurasa nyingine ishirini kutoka kwenye orodha yangu ya walio hai. Kumi na tatu ziliniomba samahani.

Mkate ukagoma kushuka.

Msimamizi wangu, profesa tunayemwita Mzee Nukta kwa sababu anaweza kukurudishia sura nzima kwa nukta moja iliyosahaulika, alikuwa anachagua matunda. Nilimwita, nikamwonyesha. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna, Profesa."

"Basi shusha sauti." Akavuta kiti. "Sikiliza, mwanangu. Mkataba wako unaisha mwezi ujao, na nusu ya kamati ya kuurefusha iko humu humu. Funika kombe mwanaharamu apite. Wasilisha, pokea makofi yako, tukirudi tutaandika masahihisho."

"Na mtu akiuliza?"

"Sijawahi kusikia swali la maana kabla ya chakula cha mchana."

Nilicheka, na kucheka kwenyewe kukanitisha.

Saa tatu kasoro dakika kumi nilikuwa kwenye korido, natokea chooni, nilipodakwa na Mama Nakala. Ndivyo tunavyomwita mkuu wa hifadhi inayotunza nakala za kurasa za zamani. Ni mama mnene, mchangamfu, akikukumbatia unapotea kidogo.

"Mdogo wangu, umeniokoa," alisema. "Hifadhi yangu imejaa pomoni, sina pa kuweka hata herufi. Sasa zile kurasa ulizoonyesha kwamba ziko hai, nakala zetu tunazifuta. Nitunze picha ya mtu ya nini, na mwenyewe yuko mlangoni?"

"Lini, Mama?"

"Mkutano ukiisha tu."

Nakala ya shangazi ilikuwa kwake. Mahali pengine haikuwepo, kwa sababu mimi, mtaalamu wa kurasa zinazokufa, sikuwahi kuhifadhi hata moja nyumbani. Nikafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Hongera, Mama."

Nilijiambia kuna siku mbili kabla mkutano haujaisha, kombe linaweza kufunikwa kwa siku mbili. Nikakaa ukumbini roho juu, nikitazama midomo ya watu ikisema mambo juu ya viungo. Nilikuwa naogopa kamati, naogopa Mzee Nukta, naogopa hata yule fundi wa vipaza sauti. Nilitamani umeme ukatike.

Haukukatika. Nilipanda jukwaani nikiwa na kile kitaa chekundu cha kuonyeshea ukutani, na kwa jinsi nilivyotetemeka kikawa kinazungukazunguka pale juu. Bwana mmoja mstari wa mbele alikuwa anaandika kila kilipopita.

Nikaenda moja kwa moja kwa shangazi. Nikabonyeza mbele yao wote. Samahani, ukurasa huu haupo. Watu wakacheka kwa huruma, fundi akainuka aje kunisaidia.

"Mtandao hauna shida," nilisema. "Makala yangu ndiyo ina shida. Siyo nane katika kumi. Pengine hata tatu hazifiki."

Nikaeleza kosa lote, na lini nililijua. Mzee Nukta alikuwa anafuta miwani iliyokwisha kuwa safi. Hakuna aliyepiga makofi. Mama Nakala aliinuka katikati ya mstari, akapita akiwakanyaga watu, simu sikioni.

Nilimkuta kwenye korido ameegemea ukuta.

"Wamesimamisha," alisema.

"Wamesimamisha nini? Si ulisema mkutano ukiisha?"

"Ndivyo tulivyopanga. Lakini tulipoachana pale asubuhi, nikafurahi. Nikawapigia mafundi, nikawaambia wasingoje, mwenye makala ameshanipa hongera. Wameanza saa tatu."

"Zimeondoka ngapi?"

"Elfu kumi na moja na kitu."

Nikachuchumaa pale pale na koti langu la mkutano. Akanipa simu yake, hifadhi ikiwa imefunguliwa. Niliandika anwani ya shangazi mara tatu, vidole vikikosea, na nilipofanikiwa nilifumba macho. Nilipoyafumbua kulikuwa na kijani. "Mficha uchi hazai. Uliza."

"Ipo?" akauliza.

"Ipo."

Nikamwomba orodha ya zile zilizoondoka.

"Ya nini? Hazirudi, mdogo wangu."

"Najua. Naomba tu."

Akanitumia. Ukurasa wa kwanza kwenye orodha uliitwa "Kwa Wajukuu Zangu". Programu yangu ilisema uko hai. Nikaubonyeza. Ukafunguka mweupe, na katikati kulikuwa na samahani.