Salteña za Kusomwa

Zenobia Terrazas alikuwa akifungua kibanda chake saa moja asubuhi, ubavuni mwa ukuta wa shule ya msingi ya Molle Rancho, na kufikia saa sita mchana alikuwa ameshafunga, kwa sababu salteña ni chakula cha asubuhi na mtu anayeila jioni ana lake jambo. Alizikunja mwenyewe tangu alfajiri, kama sambusa za kuoka: unga uliopakwa wekundu wa pilipili, na ndani yake nyama, viazi, njegere, kipande cha yai, zeituni moja, na mchuzi wa kutosha kumwaibisha mlaji asiye mwangalifu. Mikono ikiwa kwenye unga, simu ililia juu ya friji mpaka ikachoka. Watu waliandika kuuliza bei, kuuliza kama kuna za kuku, kuuliza kama amefungua, na wasipojibiwa walikwenda kununua kwingine.

Rafiki yake Saturnina, aliyekuwa akiuza vifaa vya simu sokoni, alimwekea akili mnemba ya kujibu wateja.

"Shoga, wewe kanda unga, mwache huyu aongee," alisema. "Mpe jina tu, watu wasijione wanaongea na ukuta."

"Basi aitwe Hilarión."

Hilarión alikuwa marehemu mumewe Zenobia, mtu mwema, fundi wa maneno, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kubeba gunia.

"Limemfaa," alisema Saturnina. "Huyu naye habebi gunia."

Hilarión mpya alifanya kazi vizuri, tumpe haki yake. Alitaja bei, alitaja saa, na mlevi aliyemtukana alimjibu kwa adabu mpaka mlevi akaomba radhi na kuagiza mbili za kuku. Mwezi wa kwanza trei ilirudi nyumbani tupu kila siku. Zenobia akamshukuru Mungu, akamshukuru Saturnina, na kwa kuwa hakupenda kumbagua mtu akamshukuru na Hilarión. Kisha Jumatatu moja akamwambia kila asubuhi awaandikie wateja maneno mawili matatu kuhusu salteña za siku hiyo. Azisifie, ila asizidishe.

Hilarión akazisifia. Aliandika jinsi ukingo unavyovunjika kwenye jino, jinsi mchuzi unavyotangulia na nyama kufuata, jinsi zeituni inavyojificha mpaka mwisho. Watu walisoma ujumbe ule wakashiba.

Nicanor, fundi magari wa ng'ambo ya barabara, alipita mbele ya kibanda akijifuta midomo.

"Leo huli, Nicanor?" aliuliza Zenobia.

"Nimekula, mama. Nimesoma mbili. Ya pili nimejilazimisha tu."

"Na mimi nitakula nini?"

"Si usome na wewe!"

Kufikia Alhamisi nusu ya trei ilikuwa ikirudi nyumbani. Ijumaa watu kadhaa walilala kwa ubavu wakishika matumbo, kwa sababu Hilarión, katika kusifia, alikuwa ametia jibini, na Zenobia hajawahi kutia jibini kwenye salteña tangu azaliwe. Siku hiyo hiyo mjane mmoja aliandika kuagiza za matanga ya mumewe, na Hilarión akampongeza kwa sherehe. Zenobia alikwenda mwenyewe kwa mjane, sinia mkononi, kuomba radhi.

Aliporudi aliketi na simu.

"Sikiliza, Hilarión. Kisichokuwa chunguni usikitaje. Usimwahidi mtu kitu kabla hujaniuliza. Mwenye msiba au mwenye hasira, niite mimi. Na ujumbe wa kwenda kwa watu wengi hautoki kabla sijausoma."

Hilarión alisema ameelewa na akashukuru kwa kusahihishwa, jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya katika miaka yote ya ndoa. Kuhusu sifa, Zenobia alizikata kabisa. Kizuri chajiuza, alisema, na wateja wakabaki kupewa bei na saa. Wakarudi, kila mmoja na njaa yake. Nicanor alikula tatu.

Siku ya pili ya utulivu huo, Jumanne, mwalimu Casimira alitoka darasani akaja mpaka dirisha la kibanda. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole, mwenye chaki kwenye mikono ya sweta.

"Doña Zenobia, samahani. Ule ujumbe wa asubuhi umekwenda wapi?"

"Nimeuzima, mwalimu. Ulikuwa unaniua."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Mimi nilikuwa nawasomea watoto."

Maziwa na mkate ambavyo watoto wa shule hupewa asubuhi havikuwa vimeonekana tangu shule ifunguliwe. Mwalimu alipopiga simu ofisi ya elimu aliambiwa gari liko njiani. Kwa hiyo, wiki ile ya sifa, alikuwa akiusoma ujumbe darasani kwa sauti, polepole, mara moja tu, kwa sababu akirudia walisinzia. Siku ya jibini aliruka neno moja, kwa bahati, maana chaki ilimwingia jichoni. Watoto walitafuna kimya, wakapangusa mapaja kana kwamba yana makombo, wakafungua vitabu. Hesabu za kugawanya zilikuwa zimeanza kuwaingia.

"Na leo?"

"Leo wamelala juu ya madawati."

Zenobia alikuwa ameuza pale miaka mingi. Harufu ya salteña zake iliingia kwenye madirisha ya darasa kila asubuhi ya Mungu, na hakuwahi kujiuliza inamwingia nani. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Alibeba trei nzima akaingia nayo darasani, na watoto wakala mpaka zeituni ya mwisho. Mtoto mmoja aliuliza kwa nini za leo zina uzito.

Kesho yake hakuwa na cha kununulia nyama. Alikopa kwa Saturnina, naye Saturnina akamwambia bila kumficha: "Ukifanya hivi wiki moja unafunga kibanda. Halafu hao watoto hawatakuwa na ya kula wala ya kusoma."

Wakapatana hivi. Kila asubuhi Zenobia alionja salteña ya kwanza kutoka tanurini, akamweleza Hilarión kweli tupu: leo njegere ngumu kidogo, leo mchuzi umekolea. Hilarión aliandika ujumbe. Zenobia alisoma akiwa na tonge hilo tu tumboni, maana kusahihisha ni kula, akafuta kila kilichozidi, akautuma kwa mwalimu peke yake. Hakuna mtoto aliyeumwa tumbo. Wazazi wakajua, na wazazi wa Molle Rancho hawana kitu ila wana shukrani. Mmoja alileta vitunguu, mwingine akaja kumenya viazi, bibi mmoja akampa kuku anayetaga. Zenobia aliwaambia wamshukuru Hilarión, nao walimshukuru, na baadhi walimwashia mshumaa, ingawa haijulikani ni yupi kati ya wale wawili.

Kisha muuguzi akaja kuwapima watoto. Aliwapandisha kwenye mizani mmoja mmoja, akawapandisha tena.

"Wameshiba vizuri," alisema, "ila hawajaongezeka hata kidogo."

Zenobia akamwomba Hilarión amsaidie kuandika barua kwa ofisi ya elimu. Hilarión aliandika kwamba watoto wanakufa. Zenobia akafuta, kwa sababu hawakuwa wakifa, akaweka idadi yao na uzito wao kama muuguzi alivyosema, na kwamba wanashiba kwa kusomewa ujumbe tu. Barua ikawa fupi, yenye heshima, na ya kweli. Ofisi ikamtuma mtu.

Bwana Abdón alifika asubuhi mapema, na tai na gari safi, kabla mwalimu hajaanza kusoma. Alisimama mbele ya darasa.

"Watoto, jana mlishiba?"

"Ndiyo, bwana!" walijibu, kwa sababu walikuwa wamefundishwa kusema kweli.

Bwana Abdón akaandika.

"Wanashiba, bwana, lakini hawakui," alisema mwalimu Casimira.

"Shibe ni shibe, mwalimu. Kuna shule hata ujumbe hazina." Alifunga kalamu. "Gari la maziwa litapelekwa kwenye uhitaji. Nyinyi mmebarikiwa."

Alitoka nje akaenda kibandani, akampa Zenobia mkono, akaushika kwa mikono yake yote miwili. Machozi yalimlengalenga, na hakuwa akiigiza. Alisema kwamba laiti kila mtaa ungekuwa na mwanamke kama yeye, ofisi ingepumzika.

"Ukitaka nikusomee ya leo," alisema Zenobia. "Viazi vimetoka vizuri."

"Hapana, mama, nina safari ndefu. Nipe mbili za kweli."

Alimpa. Bwana Abdón alisimama kando ya dirisha la darasa, tai ameitupa begani, kiwiliwili amekiinamisha mbele, akauma ncha, akanyonya mchuzi kwanza kama mtu aliyelelewa vizuri. Ndani, mwalimu alikuwa ameanza. Sauti yake ilifika nje kidogo kidogo: ukingo, mchuzi, nyama, yai. Zenobia alifunika trei kwa kitambaa ili zisipoe. Mwalimu akanyamaza, watoto wakapangusa mapaja, kisha, kama tunavyowafundisha wote kufanya mtu anapomaliza kula, wakasema kwa sauti moja:

"Asante!"

Bwana Abdón alidhani wanamshukuru yeye. Akainua mkono wenye nusu ya salteña ya pili, akawapungia.