Mboga ya Noeli

Bibi Serafina aliutoa uzi mdomoni kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mbele ya wageni. Ulikuwa uzi mrefu wa kijani, umejikunja kwa kutafunwa. Akauweka ukingoni mwa sahani, akapangusa vidole, akainua uso. Hakumtazama Baba, wala Mwalimu Fridolin, katekista aliyekuja kutubarikia chakula. Alimtazama mama yangu wa kambo.

"Nani kamenya mboga hii?"

Ilikuwa Noeli ya mwaka 1954, nyumbani kwetu Lumemo, Ifakara. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na aliyepaswa kulijibu swali lile ni mimi.

Watu hudhani mama wa kambo lazima awe mkali. Wangu hakuwa, na hilo ndilo lililoniudhi. Aliitwa Yosefina. Kabla ya kuolewa na Baba alifanya kazi jikoni kwa masista wa misheni, na alitukuta mimi na mdogo wangu Hilari tukiwa tumefiwa na mama yetu, Rosa, aliyechukuliwa na homa Hilari akiwa bado ananyonya. Yosefina hakuwahi kunipiga. Alinisuka nywele bila kunivuta. Nikimpa jibu la mkato aliendelea na kazi, nami nikabaki na hasira isiyo na pa kwenda.

Nilimwita "wewe". Baba alinikemea, nikaanza kumwita "mama mdogo", kwa sauti ambayo ingekuwa heri kuendelea na "wewe".

Lakini Hilari alimwita mama. Alikuwa na miaka mitatu, angejuaje? Siku moja aliteleza uani akaanguka, akaja mbio akilia, "Mama! Mama!" Mimi nilikuwa karibu naye zaidi, nimenyoosha mikono. Alinipita. Alikwenda kuuficha uso kwenye magoti ya Yosefina, naye akampuliza kwenye goti lililochubuka mpaka akacheka. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu, nikamchukia yule mwanamke kwa moyo wangu wote.

Basi Noeli ikakaribia, na Baba akaja na kabichi. Dereva wa lori aliishusha kutoka Mahenge, imefungwa kwenye gazeti, na Baba aliibeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa. Kabichi ilikuwa mboga ya mapadri na makarani. Yosefina aliifurahia, maana alijua kuipika kwa vitunguu na samli kama masista walivyomfundisha. Siku ya Noeli sisi sote tulikula meza moja, wanaume, wanawake na watoto, jambo ambalo siku nyingine halikuwapo. Baba alitaka meza ile ionekane.

Mkesha wa sikukuu, saa za alasiri, akaingia Bibi Serafina, mama yake marehemu mama, ametembea kutoka kivukoni na kifurushi kichwani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akanywa maji, kisha akaiona kabichi juu ya meza.

"Hiyo imetoka kwetu Mahenge," alisema. "Sikuvuka mto kuja kula kilichovuka nami."

Baba alicheka kidogo, kwa adabu. Bibi hakucheka.

"Rosa wangu siku ya Noeli alipika majani ya maboga kwa karanga. Ndiyo mboga ya kwanza ya mvua, na ndiyo mboga ya meza hii."

"Lakini mama, katekista anakuja," Baba alisema. "Majani ya maboga si mboga ya kila siku?"

"Mboga ya kila siku ndiyo inayomwonyesha mpishi, Apolinari. Kabichi hata mwanamume ataikata."

Kabichi ikaondolewa mezani. Yosefina akaifunga tena kwenye gazeti. Jioni ile, nikisugua masufuria nyuma ya nyumba, nikamsikia Bibi akimwambia Baba maneno ambayo mpaka leo naweza kuyarudia yote. "Sikuja kula, mwanangu. Nimekuja kutazama. Nikiona watoto wa Rosa wanatunzwa, nitawaacha. Nisipoona, nitawachukua."

Baba angeweza kubisha, lakini wakati mama anaumwa alikuwa mbali kwenye kibarua, na Bibi ndiye aliyemfumba macho alipokufa. Tangu hapo Baba hakuwa na sauti mbele yake.

Mimi nilisikia habari njema. Niliiona nyumba ya Bibi, mlima na baridi yake, mimi na Hilari tukilala kitanda kimoja, hakuna mtu wa kumwita mama ila yule aliyekufa. Nilikwenda nikafunga nguo zangu katika kipande cha khanga, na za Hilari nikazifunga katika kingine.

Asubuhi tulirudi mapema kutoka misa, Yosefina akaanza kuchinja kuku. Mchele ulikuwa haujachaguliwa, kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, na wageni hawakuwa mbali. Akaniletea ungo uliojaa majani aliyoyachuma alfajiri, na umande bado juu yake.

"Nimenyie haya, mama. Umenye vizuri, leo bibi yako anakula kwetu."

Anayeyajua majani ya maboga anajua kwamba kazi yake yote iko kwenye kumenya. Unalivunja shina la jani nchani, unavuta, na ule uzi unatoka pamoja na ngozi yake yenye vinyweleo, mpaka chini ya jani. Jani lisilomenywa hata ulipike nusu siku litakukwaruza koo. Kazi hii nilifundishwa na marehemu mama nikiwa na miaka mitano, na niliiweza kuliko wasichana wengi wa rika langu. Ndiyo maana Yosefina hakurudi kutazama. Aliniamini.

Nilimenya yaliyokuwa juu ya ungo. Yaliyobaki nikayakatakata hivyo hivyo, nikayachanganya na mengine, nikayatia chunguni kwa mikono yangu. Yeye akaja akamimina karanga zilizotwangwa, akakoroga, akafunika. Harufu ilikuwa nzuri sana.

Sikufikiri kwamba Hilari naye angekula chungu kile kile. Nimejiuliza maisha yangu yote, mtoto mwenye akili ya kufunga mafurushi mawili alikosaje akili ya kufikiri hilo.

"Nani kamenya mboga hii?" Bibi aliuliza tena.

Yosefina alinitazama. Ilikuwa mara moja tu, tena kwa muda mfupi kuliko unavyodhani. Halafu akatazama mikono yake.

"Mimi, mama. Niliharakisha, kazi zilikuwa nyingi. Nisamehe."

Kabla Bibi hajajibu, Hilari akakohoa. Macho yalimtoka, uso ukambadilika rangi, mikono ikapapasa meza. Yosefina aliruka, akamtia kidole kooni, akavuta uzi ukaja na mate na wali. Mtoto akalia kwa sauti, nasi sote tukapumua. Yosefina alikuwa amekwisha kumkumbatia mtoto, Bibi akazunguka meza akamnyang'anya.

"Mwanamke anayechoka kumenya jani," Bibi alisema, "hatachoka kumwogesha mtoto asiyemzaa?"

Mwalimu Fridolin alijaribu kusema jambo juu ya sikukuu na amani. Hakuna aliyemsikiliza. Baba alikuwa ameinamia sahani yake.

Kesho yake Bibi akatuchukua watoto, na Baba na Yosefina wakatusindikiza kivukoni. Mimi nilibeba mafurushi yote mawili. Tulipoufikia mto, Bibi alilipokea moja na kulisukuma la pili kifuani kwangu.

"Wewe baki, mjukuu wangu. Wewe mkubwa, unajua kujitazama. Tena baba yako anahitaji mtu wa kumtazamia nyumba, maana nimeiona ilivyo."

Sikulia. Nilijua kwamba ukweli ungemrudisha Hilari pale pale. Ningesema tu, "Bibi, ni mimi." Nilikuwa na njia nzima ya kuusema, na muda wote wa kuingoja pantoni. Nilimwogopa Baba, nikamwogopa Bibi, na zaidi nikaogopa kumwona Yosefina akiwa mwema mbele ya watu wote. Pantoni ikaondoka. Hilari alikuwa mgongoni kwa Bibi, akipunga mkono kwa furaha, maana alidhani wanavuka tu na kurudi. "Mama!" aliita. Hakuwa akiniita mimi.

Majuto ni mjukuu, husema watu. Yangu yalikuja na wajukuu zake.

Yosefina hakujaliwa mtoto. Baba alipofariki alibaki katika nyumba ile ile, nami nikawa naenda kumtazama kila Jumapili baada ya misa. Hilari alirudi mara moja tu, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, kutuletea habari kwamba Bibi amezikwa. Alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa na Kipogoro cha kwa Bibi ndani yake. Alimsalimia Yosefina, "Shikamoo, mama," kama unavyomsalimia mama yeyote wa njiani. Alikaa nje, ukingoni mwa kiti, akaomba maji ya kunywa, akashukuru, akaaga akiwahi lori. Kumbukumbu ya magoti yale hakuwa nayo.

Alipotokomea njiani nikasema. Miaka kumi na tisa, na maneno yenyewe yalikuwa matatu.

"Nilifanya makusudi, mama."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo bila kuongeza kitu. Yosefina hakushtuka.

"Najua. Kazi nilikupa wewe, ningekosaje kujua?"

"Mbona hukusema?"

Alikuwa bado anatazama njia.

"Baba yako angekupiga mbele ya wageni, nawe usingenisamehe mpaka kufa. Nikaona heri wanite mvivu. Nilidhani nitapoteza jina tu, mwanangu. Sikujua kwamba nitapoteza mtoto."

Kisha akainuka, akashika kiti alichokalia Hilari, akakiingiza ndani, maana mvua ilikuwa imeanza.