Kila Ijumaa Tumpat

Deraman na mkewe Limah walikutwa na kisukari siku ileile moja, na tangu hapo kila mmoja akawa askari wa mwenzake. Limah alificha sukari. Deraman akagawa maziwa matamu ya kopo kwa majirani, ingawa nao wengi wao walikuwa wagonjwa vilevile. Chai ya asubuhi waliinywa wakitazamana, kila mmoja akivizia mwenzake akunje uso.

Ijumaa Deraman aliaga kwamba anakwenda mji wa Tumpat kumjulia hali rafiki yake mgonjwa. Akapanda pikipiki mpaka kwenye mgahawa wa Mek Yah, akaagiza jala mas, zile nyuzi za kiini cha yai zinazopikwa kwenye shira. Ndiyo kwanza anatia tonge kinywani, akaingia mwanamke mwenye ushungi wa zambarau.

"Leo si siku yangu, lakini niletee kama kawaida yangu, dada," alisema.

Sauti ile Deraman aliijua kwa miaka thelathini. Akainama kama aliyedondosha kitu.

"Meza zimejaa," Mek Yah akajibu. "Kaa na yule baba pale. Mteja wetu wa kila Ijumaa."

Limah akavuta kiti, akaketi.

"Mgonjwa wako hajambo?"

"Hajambo. Na shangazi yako uliyesema unakwenda kushona naye?"

"Tumeshona mpaka tumechoka."

"Mimi nilikuja kuonja tu, Limah."

"Mimi nilikuja kukutafuta, Abe," akasema, akimwita kama mke amwitavyo mumewe.

"Kwa kuagiza kawaida yako?"

Limah akajikaza asicheke, akashindwa, wakacheka wote mpaka Mek Yah akageuka. Kisha Limah akauliza kwa sauti ya chini, "Miguu bado inakufa ganzi?"

"Usiku. Wewe?"

"Macho ndiyo yananisumbua. Sikutaka kukutia hofu."

Deraman akaisukuma sahani katikati. Ya Limah ilipoletwa, ikarudishwa jikoni. Walikula sahani ile moja, mkono wake na wa mkewe, wakakubaliana kurudi mara moja kwa mwezi, pamoja, bila shangazi wala mgonjwa.

Zahanati ilipowapima tena, sukari ya Limah ilikuwa imeshuka vizuri, ya Deraman kidogo tu.

"Kipimo hiki kinampendelea," Deraman akamlalamikia muuguzi.

"Hakimpendelei mtu, Pak Cik," muuguzi akasema, akimwita mjomba kwa heshima. "Unatembea?"

"Natembea sana."

"Kwa pikipiki," alisema Limah.

Jioni ile Limah alichukua ufunguo wa pikipiki, akautia mfukoni, wakaenda msikitini kwa miguu, Deraman akinung'unika njia nzima.