Fungua Mdomo Tu

Wiki ya kwanza ya ndoa yao, mke wa Moeketsi alimsikia mumewe akiimba kanisani, na walipotoka tu akamvuta pembeni.

"Mume wangu," alimwambia, "nakupenda sana. Ila kuanzia leo, wewe fungua mdomo tu. Sauti niachie mimi."

Basi Moeketsi akafungua mdomo tu, miaka thelathini na minane. Kanisani, misibani, harusini, alichezesha midomo kama mtu anayetafuna, na hakuna aliyejua ila mkewe. Angebisha nini? Mkewe, 'Malineo, yaani mama Lineo, alikuwa na sauti, si mchezo. Pale kijijini Ha Lekena kinanda hakikuwepo. Mwanamke mmoja huanza, na alipoanzia ndipo wote wanapolazimika kumfuata. Akianza juu mno, wanawake wa sauti ya kwanza wanalia kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio. Akianza chini mno, wanaume wa sauti ya nne wananguruma tu, maneno hayasikiki. 'Malineo hakuwahi kukosea hata siku moja.

Halafu koo likaota uvimbe. Madaktari wakampasua, uvimbe ukatoka, uhai ukabaki, sauti ikaenda zake. Kilichosalia ni mnong'ono. Akaacha kwaya, akaacha kanisa, watu wakimwuliza anasingizia magoti.

Mwaka uleule Lineo, binti yao wa pekee, akaposwa. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Kwa ukoo wa Moeketsi, bibi harusi havuki lango la kwao mpaka mama yake aanze wimbo wa langoni, ule aliokabidhiwa na mama mkwe wake.

"Siku hiyo mimi sitoki ndani," 'Malineo alinong'ona. "Mama asiyeimba anasimama langoni kufanya nini? Wifi 'Mathuso ataanza."

"'Mathuso?" Moeketsi alishtuka. "Dada yangu anaimba kama anafukuza kuku!"

"Sasa nani?"

"Mimi."

'Malineo alimtazama mumewe, mzee wa miaka sitini na minne aliyeacha nusu ya pumzi yake kwenye machimbo ya dhahabu. Akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Hakuwa amecheka tangu hospitali, na Moeketsi, nawaambieni, angekubali kuchekwa hivyo kila siku ya Mungu.

"Nitaimba," alisema tena. "Na wewe utasimama kando yangu."

"Kukufundisha nitakufundisha, maana sitaki uuue wimbo wa mama yako. Kusimama, hapana."

Miezi mitatu, kila alasiri, Moeketsi alikaa kwenye kigoda cha jikoni. Mkewe alimfundisha kwa mikono, kama alivyowafundisha watoto wa shule zamani. Noti ya do ni ngumi. Mi ni kiganja kilicholala. So ni kiganja kinachotazama kifua. Mkono ukipanda, sauti ipande, ukishuka, ishuke. Akikosea, mwiko ulimpata begani.

"Mi ya nani hiyo?" 'Malineo alinong'ona kwa hasira. "Unaimbia puani, baba Lineo. Sauti itoke tumboni. Si huko unakoshindilia ugali wote ule?"

'Mathuso akipita nje hakukosa la kusema. "Kaka! Kuna ng'ombe anazaa humo? Niwaletee maji ya moto?"

"Njoo mwenyewe, tukukamue!" Moeketsi alimjibu, na do ikampotea tena.

Lakini mwenye nia hashindwi. Taratibu sauti ikatoka, kuukuu, yenye mikwaruzo, ila ya kweli. Ikafika siku aliimba wimbo mzima na mwiko haukunyanyuka mezani. 'Malineo akageukia ukutani.

"Inatosha," alisema.

"Utasimama na mimi?"

Akatikisa kichwa, akatoka kwenda kuwatazama kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Siku ya harusi wakwe walikuja na blanketi jipya, wakamfunika Lineo mabegani. Wanawake wakajipanga langoni, wanaume nyuma yao. Moeketsi akasimama mbele. Aliutazama mlango wa nyumba. Ulikuwa umefungwa. Akavuta pumzi, akaanza.

Akaanza juu. Woga, jamani! Wote wakamfuata kama ilivyo desturi, na kufika mstari wa pili wimbo ulikuwa mahali ambapo koo la binadamu halifiki. 'Mathuso akakatika katikati ya neno. Wakwe wakatazamana, mmoja wao akaziba mdomo kwa kofia. Lineo akaanza kulia, na hakikuwa kile kilio cha bibi harusi ambacho watu hukifurahia. Moeketsi alijua kabisa kwamba amepotea, lakini kushuka hakukujua. Mkewe hakumfundisha namna ya kushuka, kwa kuwa mwenyewe hakuwahi kuhitaji.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. 'Malineo akatoka na aproni yake, mwiko mkononi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande. Alipita katikati ya wakwe kama mtu anayepita katikati ya kuku. Alipofika mbele ya mumewe akampa 'Mathuso mwiko, akakunja ngumi, akaiinua juu ya paji la uso wa Moeketsi: do yako iko hapa. Kisha akaishusha polepole mpaka usawa wa tumbo: ilete hapa.

Wimbo ukakatika.

"Wakwe, mtuwie radhi," Moeketsi alisema. "Nilipanda juu mno. Nashuka, mama yenu amekuja kunichukua."

Wakacheka, hata Lineo akacheka na makamasi yake. Moeketsi akaitazama ile ngumi, akaanza upya.

Wimbo ukakaa. 'Malineo akaligeukia kundi, akainua mkono, na wanawake wale, nusu yao aliwafundisha wakiwa na meno ya utoto, wakapanda naye na kushuka naye. Lineo akavuka lango akiwa amemkazia macho mama yake.

Moeketsi alihisi bega la mkewe likigusa lake. Akamtupia jicho bila kuacha kuimba, maana sasa hangethubutu kuacha. 'Malineo alikuwa amefungua mdomo, wazi kabisa, akitamka kila neno la wimbo bila hata mnong'ono. Sauti alimwachia yeye.