Sifuri kwa Arobaini

Siku ya kwanza ya chekechea nililia mpaka mwalimu akashika kiuno. Bibi yangu, Bibi Mwanabaraka, aliyenilea tangu mama alipofariki, akaomba kiti akakaa nje ya dirisha letu. Alikaa wiki mbili nzima, ungo mapajani, akichambua mchele wa vitumbua vyake, na kila nikigeuka namwona. Wiki ya tatu nikamwambia aende nyumbani, ananiaibisha. Mtoto hana shukrani.

Nilipofika darasa la saba, hapo hapo kwetu Chamazi, macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Mtoto wa jicho, walisema hospitali. Asubuhi mimi ndiye niliyemimina unga kwenye kikaango, yeye akinusa na kuamuru, "Geuza, Najat, kinaungua!" Hakukosea hata siku moja. Lakini kuvuka barabara peke yake hakuweza, na nyumba ile tulikuwa wawili tu.

Sasa, shuleni kila mtu alijua kwamba wanaofaulu sana huchaguliwa shule za bweni mikoani. Nami, bila kujisifu, nilikuwa wa kwanza tangu darasa la nne. Nikapiga hesabu zangu za kitoto: nikifeli, nabaki. Basi kwenye mtihani wa majaribio wa sayansi, maswali arobaini ya kuchagua herufi, nilisoma swali moja moja kwa makini, nikatafuta jibu sahihi, kisha nikaweka herufi nyingine. Nilitoka nimeridhika kama mwizi aliyefunga mlango vizuri.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa Mwalimu Kokuberwa, mama wa Kihaya. Sikumpenda, alikuwa mkali, hacheki na mtu. Akaniita ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umepata sifuri."

Nikainamisha kichwa, nikijitahidi kusikitika.

"Ansbert anasinzia darasani mwaka mzima, lakini kapata tisa. Unajua kwa nini? Kabahatisha. Asiyejua hukosa na kupatia. Ili ukose yote arobaini, ni lazima uwe unayajua yote arobaini." Akavua miwani. "Nani kakutuma? Nyumbani wanataka kukuoza?"

Nikaropoka kila kitu, machozi na kamasi.

Jioni ile alikuja nyumbani, akamweleza bibi mbele yangu bila kupunguza neno. Mkono wa bibi ukatafuta sikio langu, ukalipata bila shida, ukalifinya.

"Mie nilikuomba uwe macho yangu? Lini? Ndo nilikukalia dirishani ili uje ufeli makusudi?"

Halafu akalia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mama.

Mwalimu alimaliza chai yake kwanza. "Bibi, chumba chenu cha uani kina mtu?"

"Kina magunia ya mkaa."

"Mkaa tutauhamisha. Nimepanga Ukonga, kila siku natoka alfajiri kuja huku. Nitahamia hapa. Huyu aende akasome."

Mtihani wa taifa niliufanya kama mbuzi aliyefunguliwa kamba. Nikapelekwa bweni Tabora, nikamaliza kidato cha nne, cha sita, kisha chuo cha ualimu. Kila likizo nawakuta wanagombana: bibi anadai Mwalimu hajui kukuna nazi, Mwalimu anadai bibi anazidisha chumvi. Mwalimu ndiye aliyempeleka akapasuliwa jicho, akamuuguza wodini. Jicho moja likarudi. Hata hivyo Mwalimu hakuhama.

Mwaka huu nimehitimu. Maneno ya shukrani niliyaandaa wiki nzima. Siku niliyorudi kutoka kwenye mahafali nikamkuta Mwalimu uani anafua mashuka.

"Mwalimu, mie bila wewe..." Nikakwama hapo hapo. Wiki nzima ya maandalizi!

Akaendelea kukamua. "Mwaka ule ulipopata sifuri, mama yangu alikuwa amefariki kule Bukoba. Mimi niko huku nasahihisha madaftari. Nilifika wameshazika." Akatundika shuka kambani. "Nikarudi Ukonga, kwenye chumba ambacho hakuna anayeniuliza kama nimekula. Siku niliyohamia hapa, bibi yako aliniuliza. Hajaacha mpaka leo, mwaka wa tisa huu."

Akaniangalia. Alikuwa na macho mekundu, mwanamke yule niliyedhani hawezi kulia.

"Uliogopa kumwacha peke yake, ukaniachia mimi. Asante, mwanangu."

Miaka yote hiyo nilikuwa namshukuru moyoni, wala haikunipitia akilini hata siku moja kwamba na yeye alikuwa ananishukuru mimi.