Kengele ya Ambrose

Tangu asubuhi Thirza hakutulia. Mara akoroge uji, mara arudi dirishani kuutazama mnara wa kanisa. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kama siku zote, na baridi ya Novemba ilijiingilia tu hadi kitandani kwa mama yake, Bi Keturah, ambaye kifua kilikuwa kinamkoroma. Daktari alikwisha sema: mlango ule ufungwe, la sivyo bibi huyu hamalizi majira ya baridi. Bi Keturah hakutaka kusikia.

Maana mlango ule ulikuwa wa Ambrose, kaka yake Thirza, aliyekwenda vitani Ufaransa asionekane tena. Mama yao alikataa katakata kwamba amekufa. Yuko njiani, alisema, na mlango usifungwe. Kijiji nacho, kwa kumhurumia, kikamhesabu pamoja na waliorudi. Haya! Ndipo Netherwick ikapata sifa ya kijiji kisichopoteza hata mtu mmoja, wageni wakaja kupiga picha, na kila Novemba kengele ikapigwa pigo moja kwa kila aliyerudi. Miaka ishirini na zaidi watu wazima wanadanganyana, na hakuna aliyethubutu kufungua mdomo.

Mwaka huu kamba ya kengele ilikuwa mikononi mwa Thirza. Bwana Garland, mzee wa kanisa, alisimama kando akitaja majina. Kila jina, anavuta. Hasira zilimpanda: aliyekufa anabembelezwa, aliye hai anaachwa agande.

"Ambrose Pellow," akasema Bwana Garland.

Thirza akaiachia kamba.

"Mbona umesimama? Amebaki huyo mmoja."

"Huyo hakurudi, Bwana Garland. Na wewe unajua."

Thirza alishuka ngazi mbio, akawapita watu waliokuwa wakinong'ona uani bila kumwamkia yeyote, akakimbia hadi nyumbani huku akijilaani kwamba amemuua mama yake.

Alimkuta Bi Keturah ameketi kitandani, uso ameuelekeza mnarani. Alikuwa amehesabu mapigo ya kengele, kama anavyohesabu kila mwaka.

"Mama, nisamehe."

Machozi yalimtiririka Bi Keturah, naye hakuyafuta.

"Kafunge mlango, mwanangu," akasema. "Nasikia baridi."